Unga wa Msiba wa Yankho

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Ntcheu, Madalo alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwenye pampu ya kijiji na ndoo yake kichwani. Alimimina maji mtungini, akafagia uwanja, kisha akaingia chumba cha ndani alikolala mdogo wake, Yankho.

Yankho alikuwa na umri wa miaka saba, lakini hakuweza kukaa wala kushika kijiko. Shingo yake ililegea kama ya mtoto mchanga, na miguu yake ilikakamaa kila aliposhtuka. Jambo alilolijua kuliko watu wote wa nyumba ile ni kucheka. Ukimwimbia, hata kwa sauti mbaya, alicheka mpaka mate yakamtoka.

Mama yao alimlisha akiwa amelala chali mkekani. Uji mwingine ulipita, mwingine ulimpalia. Kikohozi chake kilikuwa kimeshuka kifuani, na usiku alipumua kama mtu anayeburuta gunia.

"Nenda shule," mama alisema asubuhi moja. "Na usisahau nilichokuambia."

"Sisahau, mama."

Hakukuwa na haja ya kulitaja jambo lenyewe. Walikuwa wamehamia kijiji cha Mtambalika baada ya mavuno, baba alipokwenda Afrika Kusini kutafuta kazi. Kule walikotoka, watu walisema baba alimuuza mtoto kwa mganga ili apate mali. Mali yenyewe haikuonekana, maana familia nzima ililala kwenye mkeka mmoja, lakini maneno hayakukoma. Basi walipofika huku, mama alizungushia nyumba uzio mrefu wa matete, akamwambia Madalo, "Mtu akikuuliza, huna ndugu. Uko peke yako."

Alhamisi moja mama alikwenda kupalilia viazi kwenye shamba la watu, na kwa kuwa Yankho alikuwa anakohoa sana, Madalo alibaki naye. Siku iliyofuata, Mwalimu Gwaza alimsimamisha mbele ya darasa.

"Madalo, jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Nyumbani ukifanya nini? Kila wiki lazima ukose. Au umeolewa sisi hatuna habari?"

Darasa likaangua kicheko. Fainesi, ambaye nyumba yao ilipakana na ya kina Madalo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwao kuna kitu. Mimi hukisikia nikipita. Kinacheka peke yake nyuma ya uzio."

"Wamefuga fisi!" mvulana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Ndiyo maana mbuzi wa babu wamepungua!"

Vicheko viliongezeka. Madalo alihisi masikio yakiwaka moto.

"Si fisi!" alifoka. "Ni mdogo wangu!"

Hapo akagutuka. Maneno ya mama yalimrudia, akatafuta upesi namna ya kuufunga mlango alioufungua.

"Alikuwa mdogo wangu," akasema. "Amefariki. Jana."

Mwalimu Gwaza aliweka chaki mezani polepole.

"Jana? Na mazishi?"

"Bado, mwalimu."

"Mwanangu, una maiti nyumbani, nawe uko hapa unaulizwa maswali? Nenda kwa mama yako. Mimi ninakwenda kwa chifu sasa hivi."

Madalo alichukua daftari zake akatoka. Hakuthubutu kwenda nyumbani. Alikwenda kujikunyata kando ya kijito, akijiambia kwamba mwalimu atasahau, au chifu atakuwa safarini. Lakini alijua, kama ajuavyo mtoto yeyote wa huko, kwamba kifo hakifichwi. Mtu anayemzika mtoto wake bila kumwarifu chifu hudhaniwa kuwa ndiye aliyemuua. Na habari ya msiba ikishafika kwa chifu, hakuna jiko linalobaki na mpishi.

Jua lilipofika utosini alisikia nyimbo.

Walikuwa wanawake wa kijiji, mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba, vitenge vimefungwa kiunoni, wengine na mabeseni ya unga wa mahindi vichwani, wengine na mizigo ya kuni. Mbele yao alitembea Bibi Naphiri, mwanamke mzee ambaye hapakuwa na msiba ulioanza bila yeye. Nyuma walifuata wanaume, wengine na majembe na koleo, na Chifu Mtambalika mwenyewe, mtu mnene, kofia mkononi kwa heshima ya marehemu.

Madalo alikurupuka, akakatisha katikati ya shamba la viazi. Alipofika nyumbani, Bibi Naphiri alikuwa tayari amevuka uzio. Bibi yule alishika kichwa kwa mikono miwili na kupiga yowe la kwanza, na wanawake wote wakaitikia.

Mama alitoka ndani mbio, bakuli la uji mkononi. Alitazama mabeseni. Alitazama koleo. Bakuli likamponyoka.

"Baba Madalo!" alilia, akaanguka magotini. "Wamemuua huko kwa watu! Niambieni, wamemuua vipi? Nilimwambia asiende!"

Walipomwona ameanguka, wanawake walizidi kulia. Bibi Naphiri aliinama akamshika bega.

"Mama, jikaze. Sisi tumekuja kumlilia mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu aliyefariki jana."

Mama aligeuza macho huku na huko kama mtu aliyepotea, mpaka akamwona Madalo akihema mlangoni mwa uzio. "Mtoto wangu si yule pale?"

"Si yeye. Mdogo wake."

Kabla mama hajajibu, kicheko kilisikika kutoka ndani ya nyumba.

Kilikuwa kicheko kirefu cha furaha. Yankho alikuwa hajawahi kuimbiwa na watu wengi kiasi kile.

Ikawa patashika. Beseni lilianguka likamwaga unga mweupe uwanjani. Mwanamke mmoja alipasua uzio wa matete akatokea upande wa pili. "Amefufuka!" mwingine alipiga kelele. Kijana mwenye koleo alilishika mbele ya kifua kama ngao, akarudi nyuma hadi akamkanyaga chifu.

"Simameni!" Chifu Mtambalika alinguruma. "Ni nani aliye humo ndani?"

Madalo alipiga magoti mbele yake, kichwa chini. "Ni mdogo wangu, chifu. Yuko hai. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Umetangaza kifo cha mtu aliye hai?" Sauti ya chifu ilishuka, na hapo ndipo ilipotisha zaidi. "Unajua nimetuma watu makaburini? Wameshaanza kuchimba! Shimo hilo tutamweka nani, wewe mtoto?"

Watu walishika midomo. Kaburi haliachwi wazi. Chifu aliwatuma vijana wawili wakakate mgomba, wauzike mahali pa mtu, wafukie. Walikwenda mbio bila kugeuka nyuma.

"Kwa kawaida," chifu aliendelea, "anayecheza na kifo hutoa mbuzi."

"Baba chifu." Mama alikuwa amesimama, magoti yake meupe kwa unga. "Ukitaka mbuzi, nidai mimi. Nimemfundisha mwanangu kusema kwamba ndugu yake hayupo. Sasa mnashangaa nini akisema amekufa?"

Wakati watu wakitazamana, mwanamke mmoja alitua mzigo wake wa kuni, akaingia ndani bila kubisha hodi. Aliitwa mama Tiyamike, mkazi wa ng'ambo ya kijito. Alipotoka alikuwa amempakata Yankho, mgongo wa mtoto umeegemea tumbo lake, magoti yamekunjwa, mkono mmoja ukishikilia kifua. Kichwa cha Yankho kilisimama. Aliwatazama watu wote wale, mmoja mmoja, mdomo wazi.

"Mama mwenzangu, huyu unamlisha akiwa amelala?"

"Ndiyo. Hawezi kukaa."

"Uji unaingia kifuani, ndiyo maana nasikia kifua kinakoroma hivi. Kesho tunampeleka zahanati mimi na wewe. Wangu alikuwa hivihivi. Tiyamike wangu hakuwa na shingo wala kiuno. Leo anakaa."

Mama alimtazama kana kwamba amesema mtoto wake anaruka angani. "Anakaa?"

"Anakaa na kutukana kuku wangu wakimsogelea. Jumatano wazazi wenye watoto kama hawa tunakutana pale zahanati. Mhudumu wa afya anatuonyesha namna ya kuwalisha na kuwanyoosha viungo, na tunatengeneza viti vyao wenyewe."

"Kiti cha namna hiyo nitakipata wapi mimi?"

"Kwenye takataka. Maboksi, magazeti, mifuko ya saruji. Tunabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, tunaanika juani. Kikikauka ni kama mbao."

"Wako wengine," mama alinong'ona. Hakuuliza. Machozi yalimshuka bila sauti. "Wako wengine kumbe."

Hapo mwanamke mwingine, aliyejulikana na wote kuwa na watoto wawili tu, alijifunua kitenge kichwani. "Mimi ninao watatu," akasema. "Wa tatu yuko jikoni. Hatoki."

Hata mume wake, aliyekuwa kati ya wanaume, aliinamisha uso. Kisha yule kijana mwenye koleo akakohoa. "Na dada yangu," akasema. "Mlidhani yuko kwa shangazi mjini. Yuko nyumbani."

Bibi Naphiri aliketi chini kwenye vumbi kama mtu aliyekatwa miguu. "Nimewalilia watu wa kijiji hiki tangu nikiwa msichana," akasema. "Nilidhani nawajua wote."

Kisha macho ya wote yakageukia mabeseni. Unga uliopelekwa msibani haurudishwi nyumbani. Hakuna mwanamke aliyethubutu kuunyanyua. Mama naye alitikisa kichwa: hakuwa tayari kuwapikia wanawe nsima, ugali wao wa kila siku, kwa unga ulioletwa kwa kifo.

"Basi upikwe gundi," alisema mama Tiyamike.

Bibi Naphiri alifikiri, akachota unga kidogo kwa vidole, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Gundi. Haya. Usiliwe, bali ukaliwe kama kiti."

Chifu alivaa kofia yake. "Mbuzi simtaki," akasema. "Lakini wewe, Madalo, ulichokisema darasani kimefika kila nyumba. Utapita kila nyumba ukakitoe. Utapiga hodi, utasema kwa kinywa chako: mdogo wangu yuko hai, anaitwa Yankho, naomba karatasi za kiti chake. Usiruke hata mlango mmoja."

Madalo aliona afadhali angetozwa mbuzi. Kwingine walimkaripia, kwingine walimzonga kwa maswali mpaka jua likazama. Nyumba ya Fainesi aliiacha ya mwisho.

"Mdogo wangu yuko hai," alianza. "Anaitwa…"

"Najua," Fainesi alimkatiza. Alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi ndiye niliyesema kitu. Nilisema kitu kinacheka." Aliingia ndani akatoka na mifuko mitupu ya saruji, mingi kuliko alivyoweza kuibeba. "Subiri, nakusindikiza. Halafu unionyeshe anavyocheka."

Dawa za zahanati zilituliza kifua cha Yankho, na kwa Jumatano nyingi mkutano wa wazazi ulihamia uwanjani kwa kina Madalo. Watoto walichana maboksi, mama alikoroga gundi kwenye sufuria kubwa, mhudumu wa afya alipima mapaja na mgongo wa Yankho kwa kamba. Mwalimu Gwaza alileta magazeti ya zamani na rangi iliyobaki shuleni, akamwambia Madalo mbele ya mama yake, "Nilikuuliza ulikuwa wapi. Nilipaswa kukuuliza una shida gani." Mama naye alimwambia kwamba tangu sasa siku za kwenda shamba, Yankho angekaa kwa mama Tiyamike, na siku nyingine yeye angemlinda Tiyamike, ili Madalo asikose shule tena.

Kiti kilipokauka kilikuwa na mbavu za kumzuia asianguke, mkanda wa kitenge, na meza ndogo mbele. Mhudumu alisema mtoto hakalii kiti kama hicho mpaka mtu mzima asimame juu yake kukipima. Watu wote wakamgeukia chifu.

"Mnanitazama kwa ajili ya cheo changu au kwa ajili ya tumbo langu?"

"Vyote, baba chifu," alijibu Bibi Naphiri.

Chifu alivua viatu akapanda. Kiti hakikulia hata kidogo. Aliposhuka, mama alimketisha Yankho, akafunga mkanda, akamwinulia kijiko. Uji ulipita. Kijiko cha pili kikapita. Watu walisubiri kikohozi mpaka kijiko cha mwisho, lakini hakikuja. Mama aliangalia bakuli tupu, akaliinamisha kwa watu waone, kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Bibi Naphiri alimvuta Madalo kando yake.

"Mjukuu wangu, sikiliza. Uliposema mtu amekufa, tulikuja siku ileile bila kuitwa. Ndivyo tulivyo. Lakini hatuwezi kumletea unga mtoto tusiyejua kwamba yupo. Uongo wako ulitutia hofu, na wa mama yako ulikuwa karibu kumuua mtoto. Nasi tuliocheka na kusema maneno ya waganga ndio tuliowafundisha kuficha. Tangu leo, ukiwa na shida nyumbani, ipeleke mlangoni kwa watu ikiwa bado hai."

"Nimesikia, bibi."

Siku hizi pengo lililopasuliwa katika uzio halijazibwa. Mama amelipanua likawa mlango wa pili. Mvua isiponyesha, kiti hutolewa barazani, na Yankho hutazama njia iendayo kwenye pampu. Wanawake wakipita na ndoo zao humwimbia. Yankho hucheka kile kicheko chake kirefu, na hakuna anayekimbia.