Pamba Hurudi

Msiniulize kama niliona kwa macho yangu. Mwaka ule Likasi viwanda vilinyamaza, watu wakaanza kusikia mengi.

Jua lilikuwa linazama Philomène alipokwenda kwa rafiki yake Viviane kununua vitambaa vya pamba. Alipenda kushona blanketi za viraka, ufundi aliofundishwa na wamama wa misheni ya Mulungwishi. Hakuuza hata moja. Tangu amzike binti yake mkubwa, Michelle, sindano ndiyo iliyomzuia asipate wazimu. Hii ya sasa ilikuwa ya Fortunée, mtoto pekee aliyebaki, kwa sababu baridi ya Juni ilishaanza kumkohoza.

Viviane alitoa vipande laini, vya rangi ya kahawia.

« Coton kabisa, ma chère. Lakini usifule, rangi itatoka. »

« Na huku kwa kona, juu ya nini iko na tobo? »

« Panya. »

« Panya yako iko na makasi! »

Wakacheka. Vipande vilinuka kafuri, Philomène akapuuza. Angemshukuje Viviane? Ndiye aliyemwosha Michelle. Ndiye aliyemshikilia mama mtu kaburini asianguke.

Kila mshonaji anajua: pamba isipofuliwa kwanza, hurudi. Unashona blanketi pana, baadaye inanywea. Philomène alijua, akamsikiliza rafiki.

Blanketi ilipokwisha, Fortunée alijifunika usiku wa kwanza, akaamka ametoa macho, baridi kama sakafu.

« Maman, kuko muntu anavuta blanketi... Anasema ni yake. »

Philomène akaizamisha kwenye beseni. Maji yakawa mekundu. Lakini rangi haitulii chini ya beseni...

Ulikuwa udongo.

Kipande kimoja kikaacha ukahawia, kikawa buluu, chenye ndege wadogo. Kidole chake kikagusa mshono uliokuwa umejificha chini ya uchafu. Uzi wa manjano.

Mshono wake mwenyewe.

Kwao, maiti akishavikwa, wanawake hukata kitambaa chake kwa makasi, ili mwizi wa makaburini asikitamani. Philomène alikata cha Michelle, kisha akaona vibaya: mtoto wake aende na nguo iliyochanika? Akakishona palepale. Mtu mmoja tu alimwona.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na sisi tukadhani wanasema chawa.

Alimwacha Fortunée kwa jirani yao Clotilde, akaenda mbio. Viviane hakukana. Alitazama chini, akanong'ona:

« Njala, Philo. »

« Ulilia na miye, Viviane! »

« Zile zingine zilikatwa, nilizikamata na kuogopa. Ya Michelle, weye mwenye uliishona. Nikasema, nguo ya kushonwa ni ya muntu muzima, hapana ya maiti... Sikujua iliingia mu fungu yako. »

Philomène alitaka kumpiga, mikono ikakataa. Bega lile lile alilolilia ndilo lililobeba jembe kwenda kwa mtoto wake. Akatoka, machozi yakimchoma.

Giza lilikuwa linaingia alipofika nyumbani. Umeme, kama kawaida, haukuwepo. Blanketi aliyoianika uani haikuwa kambani.

Ndani, kitu kilidondoka... tone... tone...

Blanketi ilikuwa kitandani, mbichi. Chini yake palikuwa na umbo la mtoto.

« Fortunée? »

« Maman! » Fortunée aliitikia kutoka kwa Clotilde, ng'ambo ya ua.

Harufu ya kafuri ikajaa chumba. Blanketi ikavutwa polepole, kutoka ndani, mpaka kile kipande cha buluu kikafika juu, mahali pa uso. Kilikuwa kimenywea. Kilikuwa kimerudi.

Sauti ndogo, aliyoizika yeye mwenyewe, ikauliza bila hasira:

« Maman... ulinishonea ile nguo juu ya baniuzishe? »