Nafasi ya Sauti ya Mama

Tulingoja mashine ya kusaga izimwe. Pale Uyole, mashine hiyo ikinguruma huwezi kurekodi hata kikohozi, na mimi kwenye sauti sina masihara. Picha ikiwa na giza kidogo watu watavumilia. Sauti ikikwaruza, wanafunga simu wanaenda zao.

Ilipozimwa, jua lilikuwa limeshazama na ukungu ulikuwa unateremka mlimani. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu Mercy aliyekuwa anaigiza, na rafiki yangu Isakwisa aliyetuazima chumba kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Bi mkubwa huyo alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu kabla.

Vifaa vyetu vilikuwa simu mbili. Moja ya picha. Ya pili ilikuwa mkononi mwangu, waya wa hedifoni nimeupitisha ndani ya blauzi ya Mercy na kubandika kipaza sauti chini ya kola kwa plasta ya kidonda. Ni ufundi wa kimaskini, lakini ukijua kubandika, unanasa hata mate yakimezwa.

Shida ilikuwa mwangwi. Chumba kitupu, sakafu ya saruji.

"Tungepata mablanketi ya kutundika ukutani," nilisema.

Isakwisa aliingia chumba cha ndani, akarudi na furushi lililofungwa kwa kitenge.

"Ya mama hayo?" Mercy aliuliza taratibu.

"Ndiyo. Tunamngoja kaka atoke Makongolosi ndiyo tugawane."

"Si mpaka ukoo ukae kwanza, shemeji?"

"Ni mablanketi tu. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, si wa mila."

Nilikuwa na haraka. Nililifungua fundo mwenyewe. Ikatoka harufu ya dawa ya kuchua, na moshi wa jikoni... Tuliyatundika kwa misumari, na mwangwi ukafa palepale. Nilifurahi sana.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mama mgonjwa anamwita binti yake, Neema, kutoka chumbani. Binti anaitika. Sauti ya mama tungeirekodi kesho yake na mwigizaji mwingine, kwa hiyo Mercy aliongea peke yake na kuacha nafasi. Ndivyo ninavyofanya siku zote, sauti mbili zisipandane.

"Abee, mama."

Kimya.

"Naja, mama."

Kimya.

"Naja sasa hivi."

Alirudia mpaka nikaridhika. Chumba kilikuwa kimetulia kabisa. Isakwisa alitoka kufungia kuku, nami nikaubandua waya kwenye kola ya Mercy, nikachomeka hedifoni masikioni nisikilize.

Kwanza nilisikia pumzi. Nilidhani ni za Mercy. Halafu, karibu kabisa na kipaza sauti, kana kwamba mtu ameweka mdomo kwenye kola ya mke wangu...

"Mercy."

Siyo Neema. Mercy.

"Abee, mama," mke wangu akajibu.

"Utakuja?"

"Naja, mama."

"Lini?"

"Naja sasa hivi."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Isakwisa aliporudi nilimpa hedifoni. Alisikiliza kidogo tu, akazitupa.

"Mama," alinong'ona. Akatoka mbio kumwita shangazi yake, Bi Bertha, nyumba ya pili.

Bi Bertha hakutaka kusikiliza simu. Alisimama mlangoni akaangalia kuta.

"Gwe Isakwisa. Mmefungua?"

Isakwisa aliinamisha kichwa.

"Mtu ambaye vitu vyake havijagawiwa bado yumo nyumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Na safari ile hapendi kwenda peke yake." Akamgeukia Mercy. "Na wewe mwanangu, umeitika?"

"Nimeitika, mama. Mara zote."

"Nikiifuta kwenye simu?" niliuliza.

"Kwani ni simu imeitika?"

Alimwagiza Mercy akatae kwa mdomo uleule, humohumo, kabla mablanketi hayajashushwa. Yeye na Isakwisa walibaki nje wakisali. Nilifunga mlango. Nilimpenda mke wangu kuliko siku zote, na nilitamani kumvuta tukimbie.

"Mimi simsikii, Asukile," alinong'ona. "Nitajuaje ameniita?"

"Acha nafasi. Kama mwanzo."

Nikambandikia tena kipaza sauti kolani, nikawasha simu.

"Siji, mama," Mercy alisema. Sauti ilimtetemeka.

Kimya.

"Siji."

Kimya kikawa kirefu. Blanketi moja lilijikunja kwenye ncha, wakati dirisha lilikuwa limefungwa. Nilikaza macho kwenye kioo cha simu. Ule mstari wa sauti uliokuwa umelala ukainuka kidogo... ukalala... ukainuka tena.

Nilizima. Nikasikiliza peke yangu.

"Mercy."

"Siji, mama."

"Uliahidi."

"Siji."

Pumzi. Kitu kizito kikiburuzwa kwenye saruji.

"Basi nani?"

Halafu sauti ya mke wangu, ya chini, safi, haina hata mkwaruzo:

"Asukile."

Nilimwambia Bi Bertha kwamba marehemu amekataliwa, yamekwisha. Kaka yao alifika, ukoo ukakaa, vitu vikagawiwa. Mercy ni mzima na amenenepa. Mimi pia bado nipo. Lakini siku hizi mtu akiniita kutoka chumba kingine siitiki. Naenda kwanza nimwone, midomo yake niione.

Juzi tulikuwa tunachagua mchele wa Chimala uani, ungo katikati yetu.

"Mbona nikikuita huitiki?" Mercy aliuliza. "Nimekukosea nini?"

Ndipo nilipomwambia nilichosikia mwishoni. Nilitegemea angeruka, angeapa kwamba sauti ile haikuwa yake. Ningemwamini. Nilikuwa tayari kabisa kumwamini.

Hakuapa. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Kumbe ulikuwa unamsikia," nilisema.

Aliponiangalia, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ningemtaja nani mwingine, mume wangu?" alinong'ona. "Mle ndani tulikuwa wawili tu."