Umeuimbisha Mtaa Siri Yangu

— Nani kakalia rimoti? Ongezeni sauti, wimbo unaanza!

Mama Pacha alipiga kelele, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu nyingine imesimama kama ufagio wa zamani. Mwalimu, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akachomoa kichwa ili naye asipitwe.

— Mwalimu, rudisha kichwa, hujakauka! Msusi akamwambia.

— Nitakauka kesho. Leo msimu mpya, bwana!

Kichekesho chenyewe kiliitwa Wapangaji Wanaoimba. Nyumba moja, vyumba vingi, na ugomvi wote ni wa kuimba. Mwenye nyumba anamfukuza mtu kwa wimbo, anayefukuzwa anakataa kwa wimbo, majirani wanaitikia madirishani. Kilipoanza kipindi hicho, mtaa ulikuwa unanyamaza kama umemwagiwa maji.

Na saluni ya Msusi ndiyo iliyokuwa makao makuu ya mashabiki. Kwa nini? Kwa sababu mtunzi wa nyimbo zile alikuwa mchumba wake. Wateja walimwita Shemeji. Misimu iliyopita, kila wimbo ulipita masikioni mwa Msusi kwanza; akicheka, unabaki, akinuna, unatupwa. Msimu huu Mtunzi hakumwimbia hata mstari.

— Safari hii nataka ushangae kama watu wengine, alimwambia.

Basi akakaa tayari kushangaa. Na akashangaa kweli.

Mlango wa ile nyumba ulifunguka, akaingia mpangaji mpya, mwanamke mwenye gauni jeupe la harusi, shela imekaa upande. Akaanza kuimba kisa chake. Siku ya harusi bwana hakutokea. Yeye akaenda studio ya picha peke yake, akaketi kwenye kiti cha maharusi, na kile cha pili kikabaki kitupu. Mpiga picha alipotaka kufunga, bibi harusi akaimba kwa sauti ya kukatika:

"Usizime taa, bado anakuja!"

Na wapangaji wote madirishani wakaitikia: "Bado anakuja! Bado anakuja!"

Saluni ikapasuka.

— Jamani mbavu zangu!

— Huyu mwanamke ni zezeta! Mpaka taa!

Mwalimu alikuwa na simu mkononi, akisoma maoni ya mashabiki kwa sauti.

— Sikilizeni huyu: "Bibi harusi apewe tuzo, nimecheka mpaka mume wangu kaamka." Mwingine: "Dada, hata umeme umechoka kumsubiri!" Mwingine huyu...

— Aa! Msusi, unanivuta! Mama Pacha akalalamika. Unasuka au unang'oa?

Vidole vya Msusi vilikuwa vimeganda kwenye nywele za watu. Studio ile, kiti kile kitupu, na maneno yale aliyomwambia mpiga picha, yote yalikuwa yake. Tangu siku ile hakumwambia mtu, ila mtu mmoja tu.

Nawategeeni kitendawili, wajukuu zangu: wawili wakigawana kinabaki kizima, wa tatu akionja kimekwisha. Ni nini? Siri.

Msusi, aliyetunza siri za kila kichwa kilichopita mikononi mwake, kwa kuwa maneno ya kitini kwake hayavuki kizingiti, alikuwa na siri mbili tu za nyumbani kwake. Jioni moja, saluni imefungwa, Mtunzi ameketi kwenye kiti kilekile cha wateja, akazitoa zote mbili. Mtunzi alimshika mkono, akawa anauliza polepole: "Halafu? Halafu ikawaje?" Msusi akadhani amepata mwenye masikio. Kumbe mwenzake alikuwa anateka maji.

Simu ya Msusi ikalia mlio wa ujumbe.

"Mpenzi umeona? Watu wamechizika na bibi harusi! Hatujawahi kupata mapokezi kama haya. Nakupenda mno."

Msusi akaenda nyuma, kwenye sinki la kuoshea nywele, akafungua bomba ili wateja wasisikie, akapiga.

— Malkia wangu! Umeionaje?

— Umeniuliza nimeionaje?

— Sauti yako vipi, unaumwa?

— Yule ni mimi.

Mtunzi akashusha sauti.

— Si wewe, mpenzi. Ni mhusika. Nimeazima kidogo tu.

— Kinachoazimwa huombwa. Uliniomba lini?

— Ningekuomba ungekataa.

— Ee, ndiyo! Ningekataa!

— Sasa unaona? Na tungekosa kitu kizuri namna hii. Hakuna anayejua ni wewe. Wanamcheka mtu asiyekuwepo.

— Wanamcheka hapa, mbele yangu, nikiwa nawasuka.

Siku ya pili Mtunzi alikuja mwenyewe, macho mekundu, amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Mwanamume yule alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na siku hiyo aliitumia yote. Alikosea. Alilewa sifa. Hatarudia.

Msusi akamtazama.

— Sikiliza. Langu nimelimeza. Lakini kuna lile la pili, la mama yangu. Je, umeligusa?

— La mama? Hapana!

— Nitazame. Liko kwenye msimu huu au haliko?

— Haliko, na halitakuwepo. Naapa kwa maziwa niliyonyonya.

— Kwa sababu lile si langu. Ni la mama. Ukiligusa, usihesabu kuna harusi.

— Mama yako ni mama yangu, mpenzi. Nitamwaibishaje?

Moyo wa mpenda una masikio mapana, na akili yake hulala mchana. Msusi akasamehe. Harusi ilipangwa baada ya msimu kuisha, gauni la mama la kuvaa siku hiyo lilikuwa kwa fundi. Pete ya uchumba akairudisha kwenye msumari wa ukutani alipozoea kuitundika akiwa kazini, kwa kuwa pete hukwama kwenye nywele za watu.

Msimu ukaendelea, na "Usizime taa" ikawa salamu. Konda akingoja abiria, "Usizime taa!" Muuza duka akifunga, wateja wanamwimbia. Mama Pacha ndiye alikuwa bingwa. Kila akiaga saluni, lazima aimbe. Msusi akawa anatabasamu kwa meno, moyo hauko.

Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, macho yalishaingia ukungu, ila masikio yalikuwa ya sungura. Siku moja wakiwa wanachambua mboga akauliza:

— Mwanangu, huyo bibi harusi anayeimbwa kila kona. Ni wewe, siyo?

Msusi akainamia sinia la mboga.

— Nani kawapa?

— Ni mwenzangu, mama. Lakini ameomba radhi, yamekwisha.

Mama akachambua majani mawili matatu, kisha akasema:

— Kitendawili.

— Tega.

— Nilimfungulia mgeni mlango wa mbele, akauingiza mtaa kwa mlango wa nyuma.

— Sijui, mama. Nikupe mji?

— Kaa na mji wako. Jibu utalipata.

Siku ya kipindi cha mwisho, saluni ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Mama naye alikuja na fimbo yake. Alisema picha haoni lakini nyimbo anazipenda, na za kufunga msimu ndizo tamu. Akakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Mama Pacha alikuwa kitini tena, kichwa nusu kwa nusu.

— Leo bwana harusi anarudi! Mimi nawaambia, leo anarudi!

— Harudi, Mwalimu akabisha. Mashabiki wote wanasema harudi.

Kwenye televisheni, bwana harusi hakurudi. Alitokea bibi kizee, mama wa bibi harusi, amefika mlangoni kwa yule mwanamume. Kitambaa kichwani kimeanguka. Akapiga magoti kwenye vumbi, akaimba: "Mchukue mwanangu, hata wa kufulia nguo!" Mwanamume akajibu kutoka ndani kwa sauti ya kupiga miayo. Wapangaji wakaitikia: "Piga magoti, mama! Shuka chini zaidi!" Na bibi kizee kila akiitikiwa anashuka, anashuka, mpaka kidevu kikagusa ardhi.

Ilikuwa saluni au uwanja wa mpira? Watu walipiga mapaja.

— Kidevu! Mmeona kidevu?

— Maoni yanamiminika! Mwalimu akapaza sauti. "Huyu bibi apewe msimu wake peke yake!" "Hayo magoti ya mama mkwe nimeyapenda!"

Msusi hakutazama televisheni. Alikuwa anamtazama mama yake. Mama alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, uso umeelekea sakafuni. Siri ile aliitoa siku alipougua akadhani anakufa, akampa binti yake peke yake. Na binti akampa mwanamume.

— Zima, mama akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyemsikia. Msusi akavuka ndoo na miguu ya watu, akaichomoa waya ukutani.

— We! Una wazimu? Mama Pacha akaruka. Ndiyo kwanza utamu!

— Huyo bibi harusi ni mimi.

— Ni wewe nani?

— Ni mimi. Studio nilikwenda mimi. Na huyo mnayemcheka magoti, yuko nyuma yenu, kwenye benchi.

Vichwa vikageuka, vyenye rola, vyenye taulo, vyenye mafuta. Mtu mmoja aliyekuwa bado anacheka akasikia kicheko chake mwenyewe, akakikata.

Na hapohapo, kama aliyeitwa, mlango ukasukumwa. Mtunzi akaingia mikono imefunguka, meno yote nje.

— Mashabiki wangu! Niambieni, mmecheka au mmelia?

Akamwona mama. Mikono ikashuka.

— Shikamoo, mama.

Mama hakuitikia.

— Uliapa, Msusi akasema.

— Mpenzi, tutoke nje tuongee.

— Umeniimbia kwenye kila sebule, leo unataka tunong'one nje? Sema hapahapa.

— Kilikuwa kimesharekodiwa! Siku ile uliponiuliza, vipindi vyote vilikuwa vimekwisha. Ningefanya nini?

— Kwa hiyo ulipoapa, ulikuwa unajua.

— Nilitaka ulale usingizi.

— Ulitaka nilale ili uendelee kuchota!

— Lakini watu wanampenda! Mwalimu, wasomee! Hao wote wanampenda mama!

Mwalimu akatazama simu yake, akaigeuza uso chini mapajani.

— Sisomi, Shemeji.

— Msimwite shemeji, Mama Pacha akadakia. Jamani, mimi ndiye shabiki mkubwa hapa, wimbo wa taa nimeuimba mpaka wanangu wamenikataza. Leo kicheko kimenikwama kooni kama mwiba. Yaani tulikuwa tunamcheka huyuhuyu anayetusuka, na wewe unatutazama? Mama, nisamehe. Msusi, nisamehe. Sikujua.

— Yeye alijua, Msusi akasema.

Akaenda ukutani, akaitoa pete kwenye msumari, akamwekea Mtunzi kiganjani. Hapo mwanamume akaona maji yamefika shingoni. Akamwendea mama, akaanguka chini kwa magoti, na sauti ile ya kumtoa nyoka pangoni ikaanza:

— Mama, nakuomba kama mzazi wangu, mwombee mwanao anirudie...

— Nani huyo yuko chini?

— Ni mimi, mama. Nimepiga magoti.

— Inuka. Yangu yalikuwa ya kumlilia mwanangu. Hayo yako, nasikia tayari unayatafutia wimbo.

Mtunzi akainuka. Alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa shabiki, akakosa. Mama Pacha akamfungulia mlango kwa adabu, akaufunga bila adabu, akarudi kitini.

Msusi alibaki amesimama katikati ya saluni, chanuo mkononi. Machozi aliyoyazuia msimu mzima yakamshuka.

— Mama, uliniambia mimi peke yangu. Mlango wa mbele niliufungua mimi.

— Ndiyo. Uliufungua wewe.

— Nisamehe, mama.

Mama hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alipapasa kwa fimbo mpaka akakifikia kiti, akamgusa Mama Pacha begani.

— Mama Pacha, nipishe nikae. Kichwa kinaniwasha.

— Mimi nimesukwa nusu, mama yangu!

— Si ulisema unataka msamaha?

Mama Pacha akatoka kitini mbio. Mama akaketi, akakivua kitambaa chake mbele ya watu wote, nywele nyeupe zikaonekana. Msusi akaanza kuzigawa polepole. Mwalimu akainuka taratibu, akachukua mkoba wake ili yeye na wenzake waondoke, wawaache mama na binti.

— Unakwenda wapi? mama akauliza. Kaeni wote. Nyie si wapenzi wa kisa? Sasa kisikilizeni kwa mwenyewe, maana wale wamekosea mengi. Kwanza kabisa, siku ile mimi sikuimba.