Sarafu ya Kumi na Mbili

Sarafu kumi na moja zililia vizuri. Ya kumi na mbili haikulia.

Mpimaji aliiweka tena kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa penseli, akatega sikio. Kimya. Dhahabu halisi ikigongwa hulia sauti nyembamba, ndefu. Ya bandia husema "to" na kunyamaza. Hii hata "to" haikusema. Na bado uzito ulikuwa barabara, unene barabara, na sumaku haikuivuta. Ilinuka tu kidogo, kama kinywa cha mtu aliyetoka kuamka, na dhahabu hainuki.

Mwenye sarafu, mzee mmoja nadhifu, aliingia asubuhi bila salamu akaandika kwenye karatasi: "Naomba cheti cha uhalisi kwa zote. Nitarudi Ijumaa." Mpimaji alidhani ni bubu wa kuzaliwa.

Mwingine angeandika "haikuthibitika" akaenda zake kujinyoosha. Lakini huyu alikuwa na miaka arobaini kwenye kazi hii. Mgongo umepinda, macho yamechoka, kilichobaki kizima ni masikio, na kwa kiburi cha masikio hayo hakuwahi kuandika neno hilo hata siku moja. Akaigonga tena.

Safari hii ikalia: tik. Akainua macho. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea bila sauti.

"Betri," alijisemea, akagonga mara nyingine. Sarafu ikapiga mluzi wa birika.

"Mume wangu!" mkewe aliita kutoka jikoni, maana duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. "Leo hata birika limenuna kama wewe. Linachemka kimyakimya!"

Akacheka. Alikuwa mwanamke wa maneno, na miaka yote nyumba ile ilisemewa na yeye peke yake, mume akiitikia "mm" tu na kuona inatosha.

Hapo ndipo alipopaswa kuacha, na mpaka leo hajajisamehe. Lakini kanuni ya kazi yake ni kwamba sarafu haipewi cheti mpaka ilie mara tatu mfululizo kwa sauti ileile, kwa hiyo akagonga, ikalia kama bawaba za mlango, akagonga, ikatoa mlio wa matone kama bomba la uani, akagonga tena huku kijasho kinamtoka na ile harufu ya kinywa inamjaa puani, akijua kuna jambo, akijiambia bado moja tu, bado moja, mpaka sarafu ikacheka kicheko cha mkewe, chote, pamoja na kile kikohozi kidogo cha mwishoni.

Jikoni kikombe kilivunjika. Alipofika, mkewe alikuwa amejishika koo, mdomo unafunguka na kufungika, sauti haitoki.

Alasiri ile alimleta shemeji yake, dada wa mkewe, ambaye ni mganga. Mama yule aliinusa sarafu mara moja tu, akairudisha mezani kwa ncha ya kanga.

"Ina jini," alinong'ona. "Halina haja ya damu hili. Linameza sauti. Mwenye sarafu alishamezewa yake, ndiyo maana akakuandikia kwenye karatasi."

"Shemeji, nifanyeje? Siwezi nyumba bila yeye. Siwezi."

"Wewe si una tanuri? Iyeyushe. Jini litakimbia, litaziacha sauti zote lilizomeza. Lakini zitatoka kwa zamu, jinsi zilivyoingia, na njia yake ni kinywa cha huyu. Usimkatize hata mmoja akiwa anasema. Ukimkatiza, ya dada yangu haitatoka tena."

Dhahabu ikalainika, ikawa tone jekundu. Ile harufu ikajaa nyumba nzima, kisha kitu kikatoka mlangoni kwa kishindo. Mganga akashusha pumzi. Mke akafungua mdomo.

"Hodi," ikasema sauti nzito ya mwanamume.

"Karibu," mpimaji akajibu.

Sauti ile ilisema mpaka ikaisha. Ikafuata ya bibi mmoja aliyeomba msamaha kwa mtu asiyekuwepo, kisha ya msichana aliyelia tu. Siku ya tatu bado walikuwa wanatoka. Midomo ya mkewe ilikuwa imepasuka, lakini macho yalikuwa yake yeye, mekundu, yakimtazama mumewe, naye mume hakuthubutu kuyakwepa. Hajawahi kumpenda hivyo, na hajawahi kuchoka hivyo.

Kati ya sauti moja na nyingine, alijikaza akauliza polepole, "Mmebaki wangapi?"

"Babu," ikajibu sauti ya mtoto, "huku nyuma hatuoni mwisho wa foleni."

Mpimaji akamfuta mkewe mdomo kwa kitambaa, akamnywesha maji, akavuta kiti karibu zaidi.

"Haya," akasema. "Anayefuata."