Hongera Mia, Pole Moja

Kila siku baada ya shule, Dafrosa na rafiki zake wawili, Anaïs na Océane, walicheza dansi kando ya duka la samaki wakavu, mtaa wa Matonge, jijini Brussels. Muziki wao ulikuwa wa Kikorea, ule wa haraka haraka, wa vijana wanaovaa rangi kama pipi. Maneno hawakuyaelewa hata moja, lakini waliyaimba kwa nguvu hata mwenye duka akaapa kuwa samaki wake walitikisa mikia.

Siku moja Anaïs alimrekodi Dafrosa akicheza peke yake, akaitupia video mtandaoni. Kufikia Jumapili ilikuwa imetazamwa mara milioni mbili. Milioni mbili! Ukiwapanga watu hao foleni barabara ya Ixelles, wa mwisho angesimama baharini, maji kiunoni.

"Hongera!" alisema mwalimu.

"Hongera sana, binti!" walisema waumini kanisani. Mama yake alionyesha simu kwa kila mtu, hata kwa dereva wa basi.

Basi, watazamaji wakataka video mpya kila siku, na Dafrosa akawapa. Wengi walimsifu. Lakini mmoja aliandika, "Mashavu kama maandazi," na Dafrosa akaacha kula asubuhi. Mwingine akaandika kwamba leo hakutabasamu vizuri. Akafanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo cha bafuni mpaka taya zikauma.

Wiki zilipita. Ikaja habari kwamba mwimbaji wa Kikorea waliyempenda kuliko wote ameacha jukwaa kwa muda, kwa sababu ya msongo wa mawazo.

"Anaringa tu huyo!" alisema Océane. "Mashabiki dunia nzima, anaumwa nini?"

Dafrosa alicheka pamoja nao. Alitamani kusema, "Mimi najua anaumwa nini," ila aliogopa kwamba naye ataambiwa anaringa. Utamwambia nani kwamba unapendwa na unaumia?

Jumamosi moja alitakiwa kucheza kwenye tamasha, mbele ya watu elfu moja. Asubuhi mama alimpeleka saluni kwa Maman Mujinga, msusi kutoka Lubumbashi, kisha akasimama mlangoni kurekodi.

Maman Mujinga aligawa nywele kwa kitana, akavuta fungu la kwanza. Likabaki mkononi. Akavuta la pili taratibu, nalo likatoka. Nyuma ya sikio palikuwa na upara laini, mkubwa kama kizibo cha soda.

"Pole na kazi, mutoto yangu," alisema Maman Mujinga.

"Kazi gani, maman? Mimi nacheza tu."

"Hapana. Muchezo haing'oe muntu nywele. Alors, unakula? Unalala?"

Dafrosa alifungua mdomo ajibu ndiyo. Lakini lile neno pole lilikuwa limeshamfikia. Kwa miezi miwili alikuwa amepewa hongera mia. Pole hii ilikuwa ya kwanza. Akaangua kilio.

"Siwezi kuacha, mama. Nikiacha, watasema naringa. Na nikiendelea... siwezi."

Mama alizima simu. Ingekuwa homa, angejua la kufanya. Hili hakujua hata alishike wapi. "Nifanye nini, Maman Mujinga?"

"Bon, mie minajua nywele tu. Lakini kuko madaktari ya mambo haya. Leo, acha mutoto apumuzike."

Mama aliwapigia simu waandaaji: Dafrosa hatacheza. Mashabiki wengine walimtukana siku hiyo hiyo, na mama akamsaidia kufunga ukurasa wake wa video. Jumatatu daktari akawaelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili, ambaye Dafrosa alimwona kila Jumatano mchana. Hakupona mara moja. Kuna Jumatano alizotoka akitaka kwenda kulala tu, na mama, aliyekaa nje mikono mapajani, hakuwa na la kufanya ila kungoja. Mwezi wa tatu wa kumwona mtaalamu, Dafrosa aliomba chapati ya pili. Mama akaingia jikoni haraka, machozi yake yasionekane.

Wasichana walipokutana tena saluni, Océane aliinamisha kichwa. "Kumbe yule mwimbaji hakuwa anaringa?"

"Hata kidogo," alisema Dafrosa.

Maman Mujinga aliweka kitana chini. "Musikilize, watoto. Mutoto akianguka na baiskeli, sisi wote tunakimbia. Akianguka ndani ya moyo, tunamupigia makofi, juu ya kuona anacheka. Ile ni kosa yetu, sisi wakubwa, tuulize. Lakini na ninyi museme mapema. Musingojee nywele iseme pa nafasi yenu."