Duara ku Banki Tupu

Hii ilimufikia rafiki yangu Musoki, mwalimu wa kijiji ya Shari. Miye napenda masemi, hadithi za kuongeza chumvi, lakini hapa siongezi kitu.

Binti yake Joyeuse alipotea wakati wa kukimbia vita, ku njia ya Bogoro. Musoki akakatala matanga: hakuona maiti, anamungojea.

Siku moja akafunika madirisha ya kalasi na vitenge, akaonyesha ku ukuta video ya wanafunzi wake, ya juma lililopita. Watoto wakagusa tableti, kila sura ya mu video wakaizungushia duara na kuandika jina. Tik, tik, mu giza.

Duara moja ikazunguka banki tupu, benchi ambayo hakuna mutoto, na jina: Joyeuse.

“Nani anacheza?”

“Haiko siye, Madame!”

Akaifuta. Tik. Ikarudia. Mu video, Musoki akapita mbele ya kalasi. Duara ikashuka ku banki, ikamufuata polepole, ikasimama karibu na goti yake, pale kitenge alichovaa kilikuwa kinavutwa, na hakuna mukono.