Bakuli Juu ya Kaburi

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Agosti 1995, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Kwa miaka ishirini na miwili mzee Kristofa, katekista wa kigango kimoja huko Sapiwi, Bariadi, hakuwahi kukosa ibada ya siku hiyo. Mwaka ule aliikosa. Alikuwa amesimama kwenye geti la magofu, nje ya mji wa pwani asioujua, kofia mkononi na kitambaa cheupe mfukoni.

Alikuwa amekuja kumchukua mwanawe.

Januarius alikuwa mtoto wao pekee. Biashara ilipoachiwa huru na kila kijana akataka kuwa tajiri, aliuza ng'ombe wake wawili akaenda pwani kuuza mitumba. Alirudi mara moja tu, na redio na miwani myeusi. Mwezi wa nne homa ikamwua. Barua ya rafiki yake Salu ilifika Bariadi miezi miwili baadaye.

“Baba, tumemlaza karibu na magofu ya zamani, upande wa bahari. Kaburi utalijua. Nimeweka bakuli lake juu, kama tufanyavyo kwetu.”

Tangu siku hiyo Eufrasia, mkewe Kristofa, hakulala tena kitandani. Alilala chini, mlangoni.

“Baba Janu,” alisema, “hata udongo. Niletee hata udongo nimzike.”

Ukoo wao ulikuwa na desturi hiyo. Aliyefia mbali huletwa nyumbani kwa udongo wa kaburi lake. Unauchota kwa mkono wa kulia, unamwita jina mara tatu, unaufunga kwenye kitambaa. Njia nzima unamweleza mnapopita, asije akapotea. Padri alipoulizwa alisema, “Nenda, mzee. Ukirudi nao nitaubariki.”

Sasa Salu, aliyeahidi kumpokea stendi, hakuonekana. Basi lilikuwa limeharibika njiani na kuchelewa siku nzima. Kristofa alingoja tangu asubuhi, akachoka, akauliza njia ya magofu peke yake.

“Mzee, tunafunga,” mlinzi alisema bila kusimama. “Nyie Wanyamwezi mnakuja kutembea saa za popo.”

“Mimi Msukuma.”

“Yale yale. Umefuata nini humu?”

Kristofa alitazama chini. Kwao, mtu anayechota udongo wa makaburi jioni akionekana, huitwa mchawi, na hafiki asubuhi. Angemweleza nini mtu huyu mwenye dharau?

“Nimekuja kuona mambo ya kale,” alisema.

Mlinzi alicheka puani. “Haya, kaone. Upesi. Na sikiliza, kitu cha humu kinabaki humu. Hata kokoto.”

Ndani palikuwa na msikiti usio na paa, kuta za mawe ya bahari, na mizizi iliyopenya madirishani. Harufu ya chumvi. Harufu ya majani yaliyooza. Alipita kisimani, akafuata sauti ya maji upande wa bahari, mpaka makaburini.

Akaliona.

Kaburi moja lilikuwa na nguzo ndefu ya mawe, na juu ya jiwe la kichwani, bakuli. La kaure, jeupe, lenye maua ya bluu, limepasuka ukingo. Kristofa hakuwahi kuona kaburi la pwani. Hakujua kuwa watu wa kale walijengea mabakuli yao makaburini. Alijua desturi ya kwao tu, ya sahani ya marehemu kuachwa pale alipolala. Na macho yalikuwa yamejaa machozi.

Salu, mwanangu, Mungu akubariki, alisema moyoni. Umemjengea vizuri hivi?

Alipiga magoti. Akaingiza mkono wa kulia katika ufa wa kaburi, akachota.

Udongo ulikuwa baridi… na unyevu, kama ulimi.

“Januarius,” aliita. “Januarius. Januarius. Twende nyumbani.”

Upepo ulikatika. Popo wakanyamaza. Chini ya jiwe, kitu kikavuta pumzi.

Aliufunga udongo kitambaani, akakimbia kwa miguu ya uzee. Mlinzi alikuwa na kufuli mkononi. Alifungua geti, Kristofa akapita. Lakini mlinzi hakulifunga. Alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akangoja kidogo, kama mtu anayempisha mwingine.

Kisha akafunga. Hakuaga.

*

Safarini Kristofa alinong'ona bila kuchoka. “Tumevuka Ruvu, mwanangu. Hapa Dodoma. Hapa Shinyanga, tunakaribia.” Siti ya pembeni yake haikukaliwa. Watu waliifikia, wakaitazama, wakageuka. Sakafu chini yake ililowa, na kondakta akamsema utingo kwa kumwaga maji.

Padri alibariki. Wakazika kitambaa nyuma ya nyumba, kando ya ua wa minyaa, karibu na zizi. Eufrasia alilia mpaka machozi yakaisha, kisha kwa mara ya kwanza tangu barua ile, akala ugali.

Kristofa alimshukuru Mungu.

Siku ya tatu ng'ombe walikataa kwenda malishoni. Walizunguka kile kilima kidogo cha kaburi, wote kumi na mmoja, wakakilamba. Kristofa aliwachapa. Hawakusikia fimbo. Aligusa udongo, akaweka kidole mdomoni.

Chumvi.

Siku ya tano ng'ombe wawili walikufa, matumbo yamejaa maji.

Na Eufrasia akaanza kupeleka chakula kaburini, jioni, jua likizama. Bakuli lilirudi tupu, limesafishwa. Pembeni mwake magamba madogo ya samaki.

“Anakula,” alisema, akitabasamu. “Ila hasemi Kisukuma, Baba Janu. Amesahau.”

“Nani hasemi?”

“Mwanao.”

Kristofa alichukua rozari, akaenda mwenyewe. Mto wa kijijini ulikuwa mkavu tangu mwezi wa sita, mchanga mtupu, lakini pale nyuma ya nyumba alisikia mawimbi. Yanakuja. Yanarudi. Alianza Salamu Maria. Hakuifikisha nusu.

“Nani alikutuma?”

Sauti ilitoka chini. Kiswahili safi, cha taratibu, cha mtu aliyezoea kutiiwa.

“Nani alikutuma uniite kwa jina la mtoto wako?”

Mkojo ulimtoka mzee wa watu.

*

Salu alifika Septemba, saa tisa mchana, amebeba mfuko wa rambo. Alimkuta Kristofa barazani, amekonda.

“Mwadila, baba,” alimsalimu kwa Kisukuma. “Nisamehe. Nilikungoja stendi Jumatatu yote. Jumanne nikadhani hukusafiri, nikaenda kazini. Nikasema nikuletee udongo wake mwenyewe.”

Akatoa kitambaa kilichofungwa, na bakuli. La bati, kijani, limebanduka rangi. Kristofa alilijua. Alilinunua yeye mnadani, mwaka Januarius alipopata komunyo ya kwanza.

“Hili lilikuwa wapi?”

“Juu ya kaburi lake, baba. Nje ya ukuta wa magofu, kule kwenye minazi.” Salu aliona kilima nyuma ya nyumba. Akaona ng'ombe. “Baba… wewe ulichota wapi?”

Kristofa alimweleza. Salu alikaa chini polepole.

“Baba, hao ni wenyewe wa mji, mabwana wa kale. Watu wa pwani huwa hata hawawanyooshei kidole.”

“Basi tumrudishe. Leo hii.”

Walichukua jembe. Jua lilikuwa linaegemea magharibi. Lakini Eufrasia alikuwa amesimama juu ya kile kilima, miguu peku, imelowa mpaka magotini.

“Mnamchimba nani?”

“Mayu, mama,” Salu alisema, “Januarius ni huyu hapa. Huyu nimemleta.”

Eufrasia hakulitazama hata lile bakuli la kijani.

“Wewe ulimzika mwanangu bila mimi, leo unanifundisha sauti yake? Ondoka kwangu!” Akamgeukia mumewe, na sauti ikashuka. “Baba Janu. Nimezika mara moja. Ukimtoa huyu nitakuwa nimezika mara mbili. Ameniambia atanionyesha bahari. Niache naye leo tu. Kesho chimba.”

Kristofa alijua jibu lililompasa. Alikuwa na jembe mkononi. Lakini alimwona mkewe anatabasamu, na kabla ya udongo ule hakuwa amemwona hivyo tangu barua ilipofika.

“Kesho,” alisema. “Alfajiri.”

Alfajiri Salu ndiye aliyemkuta. Eufrasia alikuwa amelala kifudifudi juu ya kilima, nywele zimelowa na mchanga mweupe ndani yake. Walipomgeuza, maji yalimtoka mdomoni. Mengi. Yakaendelea kutoka. Yalikuwa maji ya chumvi, na kutoka pale Sapiwi hadi baharini ni safari ya siku mbili.

Kutoka kilimani hadi mlango wa nyumba zilikuwepo nyayo za mwanamume, kubwa, zimelowa. Zilikuja. Zikarudi na nyayo za mwanamke pembeni.

*

Salu alichimba kila punje ya udongo ule, akairudisha pwani. Udongo wa Januarius ukazikwa pamoja na mama yake, na bakuli la kijani juu. Ng'ombe hawalambi tena.

Krismasi ilipokaribia, barua ikaja. Salu aliandika kwamba alimkuta mlinzi yule yule, akampa udongo, akamwomba radhi kwa niaba ya mzee. Mlinzi aliupokea kwa mikono miwili.

“Bwana mkubwa alikwisharudi mwenyewe,” alisema. “Siku nyingi. Ila mwambieni huyo mzee wenu… hakurudi peke yake. Mama huyo analia kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeijua.”

Kristofa hakumsomea mtu barua ile. Kila jioni, jua likizama, anakwenda nyuma ya nyumba, kofia mkononi. Anapiga magoti penye kaburi la mkewe, lakini uso anaugeuza mashariki, maana hajui tena mkewe amelala wapi. Anamtaja Januarius. Anamtaja Eufrasia. Anamtaja na wa tatu, ambaye jina lake halijui, aliyemwita kwa jina lisilo lake. Naye ni kiumbe wa Mungu, na alikuwa amelala.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani, kila mmoja mahali pake. Amina.